Sweta la Nesi Mwanaidi na Kitufe cha Jibu Wote

Leo nimejiaibisha katika wilaya mbili kwa mpigo mmoja, Mbulu na Hanang, na wala sikunyanyuka kwenye kiti. Naandika hapa mwenyewe kabla hamjaipata kwa mtu mwingine, maana kwa mtu mwingine itakuja imetiwa chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Kwa wasionifahamu: naitwa Mwalimu Marselina, nafundisha darasa la nne hapa Tlawi. Miaka arobaini na minne. Akili nilidhani ninazo.

Habari inaanzia kwa Nesi Mwanaidi wa zahanati yetu, ambaye anastaafu. Kwao ni Tanga. Alipangiwa kazi huku akiwa binti, akashuka kwenye gari mwezi wa Julai na kanga mbili na makubazi, baridi ikampokea. Watu walisema hatamaliza mwezi. Amemaliza miaka zaidi ya thelathini. Darasani kwangu nikimwita mtoto mbele, mara nyingi ni mtoto aliyepokelewa na mikono yake. Mwanangu wa mwisho alikuja akitanguliza miguu, siku ya mvua, gari la wagonjwa limekwama kwenye tope Bashay. Nesi Mwanaidi alikaa na mimi tangu asubuhi mpaka jioni, amenishika mkono, ananiambia, "Mwalimu, usinifie, mie kesho nina zamu." Nikacheka. Mtoto akazaliwa.

Mtu kama huyo huwezi kumuaga kwa beseni.

Kikundi chetu cha akina mama tuko kumi na wawili. Mwenyekiti ni Mama Gwandu, mama mtu mzima, mpole, hapandishi sauti hata siku moja, na ndiyo sababu tunamwogopa. Akatuambia zawadi itoke mikononi mwetu, isiwe ya dukani. Mmoja akataja sweta. Mimi nikauliza, "Sweta la nini Tanga?" Nikajibiwa ni kumbukumbu. Mama Gwandu akauliza nani atalifuma. Watu wakatazama sakafu. Na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nitafuma mimi."

(Sijui kufuma. Najua kushika sindano. Ni vitu viwili tofauti.)

Ukweli ni kwamba nilikuwa naiwaza ile siku ya mvua. Nikaona siyo haki mtu mwingine afume.

Kila mama akaleta bunda la uzi wa kijani, nikaenda nalo zigo nyumbani nimejaa fahari. Mkono wa kwanza ulitoka ukafika magotini. Mume wangu, Baba Neema, aliutazama sana, kisha akauliza, "Huyu nesi mtamfunga nao?" Nikaufumua. Wa pili ukawa mfupi na mgumu, ukiuweka mezani unasimama wenyewe kama chupa. Nikaufumua. Wa tatu sitaki kuuzungumzia.

Na kila Alhamisi kikaoni Mama Gwandu anauliza, "Mwalimu, sweta limefika wapi?"

"Limefika kwapani, mama."

Wiki mbili limekaa kwapani. Wiki ya tatu nikasema limefika shingoni, nikarudi nyumbani nikampigia simu binti yangu Neema, aliyeko chuo Arusha. Neema akanionyesha duka moja la mtandaoni linalouza nguo za baridi. Unachagua kwenye picha, unalipia kwa simu, mzigo unaletwa na basi. Nikaliona sweta la kijani, la kufuma, zuri kuliko chochote nitakachofuma katika maisha haya. Nikaagiza. Usiku ule nililala kama mtoto aliyenyonya.

Tumefika leo sasa.

Sherehe ya kumuaga Nesi ni keshokutwa, Jumamosi. Asubuhi wakati wa chai niko ofisi ya walimu, kikombe mkono mmoja, simu mkono mwingine. Inaingia barua pepe kutoka dukani: "Ndugu wateja wetu wa Mbulu na Hanang, mizigo yenu itachelewa siku chache kutokana na hali ya barabara. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Siku chache. Jumamosi iko siku mbili mbele. 

Nikavaa miwani nijibu. Pale chini kuna vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa Jibu. Kingine Jibu wote. Nikafikiri kidogo (hapa ndipo ningeacha kufikiri). Nikasema, nikibonyeza Jibu, ataipata karani mmoja, atainyamazia. Nikibonyeza Jibu wote, wataipata wote pale dukani, kuanzia bosi mpaka mfunga mizigo. Mimi nataka wasikie wote.

Nikaandika hivi, na naiweka hapa nzima kwa sababu haina tena siri:

"Ndugu wa dukani. Mimi ni Mwalimu Marselina wa Tlawi. Niliagiza sweta la kike la kijani, saizi kubwa. Lisipofika Ijumaa nimekwisha. Ni la kumpa muuguzi wetu anayestaafu na huku nimesema nalifuma mwenyewe, kwa hiyo naomba pia mkate lebo zote, ya shingoni na ya ubavuni. Kama kuna fundi hapo, aharibu kidogo mkono mmoja ili lionekane la nyumbani, ila asiharibu sana. Mwenyekiti wetu Mama Gwandu ana macho ya kukagua mishono kama askari wa mpakani. Nawategemea. Naomba jambo hili libaki kati yetu."

Nikabonyeza Jibu wote. Nikanywa chai.

Ng'ambo ya meza anakaa Mwalimu Fabiano wa hisabati. Simu yake ikalia, tii. Sikuwaza lolote. Kwenye dirisha amekaa Mwalimu Mkuu. Simu yake nayo, tii. Nikaona leo mtandao una nguvu.

Fabiano akachukua simu, akasoma. Akainua macho akanitazama. Akasoma tena. Kisha akavuta rundo la madaftari karibu, akaanza kusahihisha kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake, kichwa kimezama, mabega yanatikisika.

"Mwalimu Fabiano, unaumwa?"

"Hapana, dada. Nina mafua."

Mwalimu Mkuu naye alisoma. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatoka nje. Tukamsikia amefika nyuma ya matangi ya maji. Mtu mzima yule, nilikuwa sijui anaweza kucheka kwa sauti ya namna ile.

Nikarudi kwenye simu. Nikaangalia juu ya ile barua ya duka, sehemu ambayo huwa siisomi. Pale palikuwa na majina. Siyo mawili wala matatu. Nikapandisha kwa kidole, yakaja mengine. Duka lilikuwa limetuma barua moja kwa wateja wake wote wa wilaya zetu mbili, na majina ya kila mtu yako wazi kama orodha ya waliofaulu. Fabiano yumo. Mwalimu Mkuu yumo. Mama Gwandu yumo. (Lile shali lake la zambarau alilosema kaletewa na mwanawe. Haya.) Na karibu na mwisho, kwa herufi ndogo, Mwanaidi.

Nilitoka nje nikampigia Neema.

"Mwanangu, barua pepe ikishatoka inarudishwaje?"

Neema akauliza, "Mama, umemtumia nani?"

"Mbulu na Hanang."

"Mama."

"Niambie nabonyeza wapi."

"Hairudi, mama. Ikishaenda imeenda. Nakuomba usiandike tena kitu chochote. Weka simu chini."

Huo ndio ulikuwa ushauri mzuri kuliko wote niliopewa leo, na ningeufuata mngekuwa mnasoma habari nyingine. Lakini mimi ni mwalimu. Nikikosea ubaoni nafuta. Nikaandika:

"Ndugu wa dukani, naomba mfute ujumbe wangu wa kwanza, hasa sehemu inayomhusu Mama Gwandu. Sikujua kwamba wote ni wote."

Na kwa kuwa ndivyo nilivyoumbwa, nikabonyeza kilekile.

Tii, kwa Fabiano. Tii, nyuma ya matangi ya maji.

Majibu yakaanza. La kwanza lilitoka kwa mzee nisiyemjua kabisa: "Mimi ni mkulima wa Gehandu. Niliagiza soksi. Habari ya sweta hainihusu lakini nimeisoma mpaka mwisho. Mwalimu, pole." Akafuata mama mmoja wa Hanang aliyesema yeye naye aliwahi kupeleka keki ya dukani kwenye ubatizo akasema kaoka mwenyewe, na kwamba leo amejisikia mwepesi. Kisha wenye duka wakajibu, kwa heshima kabisa, na kwa watu wote: "Ndugu Mwalimu Marselina, ombi lako la kukata lebo tumelipokea. Huduma hiyo ni bure."

Mzee wa Gehandu akauliza kama soksi zake nazo zinaweza kukatwa lebo, zinamwasha.

Mama Gwandu ndiye pekee aliyejua kutumia kitufe sahihi. Aliniandikia peke yangu: "Nimesoma zote mbili. Saa kumi kwangu. Njoo na sindano na uzi."

Sijui vipindi vya baada ya hapo nilivifundishaje. Nina hakika kwamba darasa la nne leo wameandika imla ambayo haina sentensi hata moja iliyokamilika.

Nikapitia nyumbani kuchukua kikapu. Baba Neema alikuwa anamalizia kukamua ng'ombe. Nikamweleza yote, nikitegemea atanihurumia.

"Uende tu," akasema. "Mama Gwandu hajawahi kumla mtu."

"Nisipoenda?"

"Atakuja hapa. Na hapa hakuna pa kujificha, kule angalau kuna mlango wa nyuma."

Nikaenda.

Wamekaa wote, mama kumi na mmoja, sebuleni kwa Mama Gwandu. Nimeachiwa stuli katikati. Nikawaamkia wakubwa mmoja mmoja. "Shikamoo mama." "Marahaba." Hakuna aliyetabasamu, na wale waliotaka kutabasamu walikuwa wameziba midomo kwa kanga.

"Kaa, Mwalimu," akasema Mama Gwandu. "Tufumie mistari mitano."

Ndugu zangu, nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi wa shule. Nimewahi kumzaa mtoto aliyetanguliza miguu. Sijawahi kutoka jasho kama lile. Nikafuma. Mstari wa kwanza ulikuwa na mishono thelathini. Wa pili ishirini na saba. Wa tatu, sijui ilitokea wapi, thelathini na nne. Mama Gwandu alikuwa ameinama karibu kabisa, anahesabu kwa midomo bila sauti. Kwenye mstari wa nne sindano iliniponyoka, ikaviringika mpaka chini ya kabati, na mimi nikapiga magoti kuitafuta, mgongo kwa wajumbe. Nikiwa kule chini nikasikia mtu ameshindwa, kanga haikuzuia. Wakashindwa wote.

Isipokuwa mmoja.

"Mwalimu," akasema Mama Gwandu, wakati nimerudi kwenye stuli na vumbi magotini, "kwa nini hukusema huwezi?"

"Niliona aibu, mama."

"Na kwa nini ulijitolea?"

Hapo nilikuwa nimejiandalia jibu la kuchekesha njiani. Halikutoka. Nikawaambia ile siku ya mvua. Nikawaambia kwamba yule mama alinishika mkono kutwa nzima hajala, na kwamba nilitaka avae kitu kilichotoka katika mkono uleule alioushika, na kwamba kila nilipofumua niliona namdanganya yeye na siyo ninyi. Nikasikia pua inaanza kunisaliti. Nikaifuta kwa kanga. 

Mlangoni mtu akapiga hodi.

Ni Nesi Mwanaidi, na sare yake ya kazi, katoka zahanati moja kwa moja. Nikatafuta ule mlango wa nyuma kwa macho. Ulikuwa nyuma yake, ndio alioingilia.

"Hamjambo wanangu," akasema, akakaa kwenye mkono wa kochi bila kukaribishwa. "Nasikia mwamwekea mwalimu kesi."

"Siyo kesi, Nesi," akasema Mama Gwandu. "Ni mafunzo."

"Vizuri. Basi nami nina langu. Wote mmeliona jina langu kwenye orodha ile. Mbona hakuna aliyeuliza mie nilikuwa natafuta nini kwenye duka la nguo za baridi?"

Tukatazamana. Ni kweli, hakuna aliyeuliza. Mimi sikuwa na nafasi, nilikuwa nakufa.

"Niliagiza koti," akasema. "Zito, lina manyoya shingoni, lanifika hapa." Akagusa goti. "Sasa niambieni, Tanga koti lile nitalivaa wapi?"

Mama Gwandu ndiye aliyeelewa kwanza. Nikaona uso wake unafunguka taratibu.

"Nesi. Huendi."

"Siendi." Alisema akitazama viatu vyake, kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. "Likizo ya mwisho nilikwenda nyumbani nikae nizoee. Wiki nzima nalala natoka jasho. Majirani wanipokea kama mgeni, watoto wa kaka yangu waniita shangazi wa bara. Asubuhi nikiamka natafuta ukungu dirishani, hakuna. Nikasema, mie huku nafanya nini? Nimeshapata kiwanja Bashay, kidogo tu, panatosha nyumba na migomba miwili."

"Na mbona hukutuambia?" nikauliza. Ni mimi niliyeuliza hivyo. Watu wakanigeukia, nikaona niendelee kunyamaza.

"Ningesemaje, Mwalimu? Mmekwisha kupanga. Mbuzi yupo, kwaya inafanya mazoezi, mwenyekiti wa kijiji ana hotuba. Niliona aibu. Nikapanga mniage Jumamosi, Jumapili nipande basi, nikae Arusha wiki mbili kwa mwenzangu mmoja, kisha nirudi polepole, kama mtu aliyesahau kitu."

Mama Gwandu alianza kwa kukohoa. Halafu tukagundua siyo kikohozi. Katika miaka yote ya kikundi sijawahi kumwona anacheka, na leo alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yanamtoka, anarudia, "Kama mtu aliyesahau kitu." Nasi tukacheka, na Nesi akacheka, na mimi nilicheka kuliko wote kwa sababu kwa dakika tano hakuna aliyekuwa ananitazama.

Akajifuta macho, akarudi kuwa mwenyekiti. Jumamosi sherehe iko palepale, ila hatumuagi mtu, tunamkaribisha. Sweta la dukani likifika litavaliwa, maana sasa lina kazi. Na mimi nitakuwa nabaki kila Alhamisi baada ya kikao kufundishwa kufuma, kuanzia vitambaa vya vikombe.

Nikaona nimepona. Nikaanza kukusanya uzi.

"Kuna hotuba ya kikundi," akasema Nesi Mwanaidi kwa sauti tamu ya kwao kule. "Mie hotuba zanichosha. Badala yake, Mwalimu atusomee barua pepe yake. Ile ya kwanza."

"Na ya pili," akasema Mama Gwandu.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Nilihesabu mikono kumi na minne. Tuliokuwemo mle ndani, ukimhesabu na Nesi, tulikuwa kumi na watatu, na mimi sikunyoosha. Wawili wa ziada walikuwa mlangoni: Baba Neema, aliyekuja kuniangalia kama niko hai, na Mwalimu Mkuu, ambaye mpaka sasa hajaeleza alikuwa anapita kwenda wapi.

Kwa hiyo nawaomba. Atakayenikuta mnadani kesho anisalimie vizuri, aniulize bei ya ng'ombe, aniulize mvua, aniulize hata matokeo ya darasa la nne. Kucheka mniwekee mpaka Jumamosi, maana nimeambiwa nitapewa na kipaza sauti.